Mwanafunzi Aliyehesabu Nyati

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, taa imewashwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa naomba asimame karibu na ubao, maana leo yako maneno machache ya kuandika.

Sitaanza na herufi wala hesabu. Nitaanza na barua. Imetoka kwa mama mmoja aliye katika darasa kama lenu. Jina lake silitaji. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na miaka 2 iliyopita mama huyu alikuwa akitia dole gumba penye sahihi. Anasema hivi: binti yake amemaliza shahada ya kwanza, na sasa anataka kurudi chuoni asome habari za maradhi ya wanyama wa porini. Mjomba wa binti anakataa. Mjomba anasema wanyama wa porini wana Mungu wao, na mtu mzima kukaa shuleni mpaka umri wa miaka 30 ni kula ng'ombe za ukoo bure. Mama ana ng'ombe 6. Anauliza, "Huyo mtu husoma nini miaka yote hiyo, na kazi yake inatufaa nini sisi?"

Hilo ni swali zuri. Mimi mwenyewe nina stashahada tu ya chuo kikuu, sikuendelea mbele, lakini kazi yangu hii ya elimu imenikutanisha na watu waliosoma njia hiyo, na vitabu vyao nimevisoma. Basi nitamjibu mama huyu, na ninyi mtasikiliza pamoja naye.

Mwalimu, andika ubaoni neno la kwanza: SHAHADA. Wote msome. Sha-ha-da.

Neno hili mnalijua katika dini na mahakamani, maana lina ukoo na neno kushuhudia. Shahada ya chuo ni karatasi inayoshuhudia kwamba mtu fulani anajua jambo fulani. Shahada ya kwanza hushuhudia kwamba mwanafunzi amejifunza yale ambayo wengine wamekwisha yajua. Akisoma uganga wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, miaka hiyo ni 5. Shahada ya pili huchukua kama miaka 2, na hapo mwanafunzi huanza kujifunza kuuliza swali lake mwenyewe. Shahada ya juu kabisa huitwa uzamivu. Andikeni: U-ZA-MI-VU. Watu wa pwani watacheka, kwa sababu mzamivu kwao ni mpiga mbizi, yule anayeshuka chini ya bahari kutafuta lulu. Ndivyo ilivyo hasa. Mwanafunzi wa uzamivu hutakiwa ashuke mahali ambapo mwingine hajafika, miaka 3 au 4 au zaidi, na apande akiwa na kitu mkononi. Asipopanda na kitu, hapati karatasi. Na akisha kukipata, hukiandika katika kitabu kiitwacho tasnifu, na wazee wa chuo humwuliza maswali mpaka waridhike.

Sasa nitawapa habari za mwanafunzi mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Anthony Sinclair. Alizaliwa Zambia mwaka 1944, akaishi utotoni mwake Afrika Mashariki, kisha akaenda kusoma Uingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1965, akiwa bado kijana wa shahada ya kwanza, alikuja Serengeti, nchini Tanzania, kusaidia utafiti juu ya ndege. Alipoiona ile mbuga hakutaka kuondoka. Akatafuta swali litakalomrudisha, akalipata kwa nyati.

Swali lenyewe laonekana dogo. Nyati wa Serengeti walikuwa wakiongezeka. Nyumbu nao walikuwa wakiongezeka. Kwa nini?

Ngojeni, msijibu upesi. Mtu angeweza kusema mvua zimekuwa nzuri. Mwingine angesema askari wa hifadhi wamewazuia majangili. Mwingine angesema simba wamepungua. Majibu yote haya yanaingia akilini, na hapo ndipo shida ilipo, maana jibu kuingia akilini si ushahidi. Mfugaji mwenye akili hujua hivyo. Ndama akifa, jirani 3 watakupa sababu 3, na zote zitakuwa tamu masikioni.

Kazi ya mwanafunzi yule, basi, ilikuwa kuhesabu. Aliruka katika eropleni juu ya mbuga, akapiga picha makundi ya nyati, halafu akakaa chini na kuhesabu mgongo mmoja mmoja katika picha. Aliokota mafuvu ya nyati waliokufa. Ninyi mnaofuga mnajua ya kuwa umri wa mnyama husomwa kinywani: meno ya utoto yameng'oka mangapi, meno ya utu uzima yamelika kiasi gani. Ukiwa na mafuvu mengi, waweza kujua wangapi hufa wangali wadogo, wangapi hufa wazee, na katika majira gani ya mwaka. Ni kazi ya jua na ya harufu. Mjomba wa yule binti angemwona kijana huyo amebeba fuvu lenye mafunza angesema wazimu umemwingia.

Hapa hapana budi turudi nyuma kidogo, miaka 130 na zaidi. Mwalimu, andika ubaoni: SOTOKA.

Wazee wengine darasani wanalijua neno hili. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, wala kwa hadubini ya kawaida. Ng'ombe hupata homa, macho na pua hutoka uchafu, kinywa huwa na vidonda, kisha huhara mpaka afe. Katika mwisho wa miaka ya 1880 ugonjwa huu uliingia Afrika kwa upande wa Eritrea na Ethiopia, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Ukashuka kusini. Karibu na mwaka 1890 ulikuwa umefika kwetu Afrika Mashariki, na kabla ya mwaka 1897 kwisha ulikuwa umefika kusini kabisa mwa bara. Mahali pengi, katika kila ng'ombe 10, walikufa 9. Wamasai waliyaita maangamizi ya miaka ile Emutai. Watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na damu walibaki hawana kitu, na njaa ikawaua. Nyati na nyumbu walikufa pia. Nyasi zikakosa mlaji, vichaka vikaota, na penye vichaka mbung'o waliingia, nao wakaleta malale. Ugonjwa mmoja ukafungulia mwingine mlango.

Baada ya hapo sotoka haikuondoka. Ilikaa kama moto wa pumba, haionekani lakini inawaka. Kule Serengeti walinzi wa wanyama waliona nyumbu wa umri wa karibu mwaka mmoja wakifa kila mara, lakini wadogo zaidi hawafi. Ajabu, sivyo? Mfugaji ataelewa. Ndama mchanga hunywa dang'a ya mama yake, na ndani ya dang'a mna kinga ya mama. Kinga hiyo hudumu miezi kadhaa, kisha huisha. Ikiisha, mtoto hubaki uchi mbele ya ugonjwa.

Wakati huo huo, huko Muguga, karibu na Nairobi, alikuwako mganga wa wanyama Mwingereza jina lake Walter Plowright. Yeye na wenzake walichukua virusi vya sotoka, wakavikuza katika chupa ndani ya chembe za figo la ndama. Kutoka chupa moja wakavihamishia nyingine, na nyingine, karibu mara 90, mpaka virusi vikalegea visiweze tena kuua. Ikawa kama mwizi aliyefungwa mikono akatembezwa kijijini. Hawezi kuiba, lakini kila mtu amekwisha ijua sura yake. Mwili wa ng'ombe aliyechanjwa huijua sura ya sotoka maisha yake yote. Chanjo hiyo ilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bei yake ilikuwa ndogo.

Ng'ombe wanaozunguka Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja, wala nyati. Nani angewashika?

Sasa shikeni kalamu, maana hapa ndipo penye moyo wa somo. Watafiti walichukua damu ya nyumbu na nyati wa umri mbalimbali. Mnyama aliyewahi kuugua sotoka akapona hubaki na alama katika damu, iitwayo kingamwili. Wakatazama. Wanyama wakubwa walikuwa na alama. Lakini wale waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hivi hawakuwa nayo. Maana yake nini? Maana yake ugonjwa ulikuwa umekwisha porini katika miaka ile ile ambayo ng'ombe walichanjwa. Kumbe wanyama wa porini hawakuwa ghala la sotoka. Ghala lilikuwa zizi letu. Ng'ombe ndiye aliyemwambukiza nyumbu mwaka baada ya mwaka, na ng'ombe alipopona, nyumbu akapona naye.

Watu walikuwa wamezoea kusema kinyume chake. Hata leo wako wasemao hivyo.

Lakini mwanafunzi mzuri hujishitaki mwenyewe kabla hajashitakiwa. Huenda ilikuwa mvua tu! Basi Sinclair alitazama wanyama wa namna ya tatu, punda milia. Hao hula nyasi za mbuga ile ile, hunywa maji ya mito ile ile, huliwa na simba wale wale. Ila punda milia hacheui, na sotoka ni ugonjwa wa wanyama wanaocheua. Kama sababu ingekuwa mvua, punda milia nao wangeongezeka. Hawakuongezeka. Walibaki karibu idadi ile ile, wakati nyumbu walitoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakazidi 1,300,000 mwaka 1977.

Napenda sana hoja hiyo ya punda milia. Haikuhitaji mashine yoyote. Ilihitaji mtu wa kukaa chini na kuuliza, "Kama nimekosea, ningeona nini?" Nawaombeni mliandike swali hilo katika daftari, kisha mlitumie nyumbani, kwa mfano siku mnapotaka kumwambia jirani kwamba kuku wenu wamekufa kwa sababu ya jicho lake.

Sinclair alipata shahada yake ya uzamivu Oxford mwaka 1970. Mwaka 1977 kitabu chake juu ya nyati wa Afrika kilitoka. Baadaye alifundisha miaka mingi nchini Kanada, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, lakini hakuacha kurudi Serengeti. Na kadiri alivyorudi, yeye na wenzake waliona mambo yanazidi kufunguka. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipokuwa fupi, moto wa kiangazi ukakosa kuni. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapona, na miti ikaongezeka katika nchi iliyokuwa ikiungua karibu kila mwaka. Simba na fisi nao wakapata chakula. Hesabu hiyo ya nyasi, moto na miti waliichapisha mwaka 2009. Hebu fikirini, sindano iliyochomwa shingoni mwa ng'ombe huku nje ya hifadhi imeotesha miti kule ndani! Elimu ya mambo yanavyoshikana namna hii, mnyama na majani, majani na moto, mtu na mifugo yake, huitwa ekolojia. Andikeni: E-KO-LO-JI-A.

Je, idadi ya nyumbu iliendelea kupanda bila mwisho? La. Ilisimama, na iliposimama sababu haikuwa ugonjwa. Ni chakula. Kiangazi nyasi hukauka, nguvu yake hutoka, na wanyama dhaifu hufa. Kwa nyati ilikuwa vivyo hivyo, na hilo Sinclair alilisoma katika mafuvu.

Sasa nirudi kwa mama yetu. Mjomba anasema wanyama wa porini wana Mungu wao. Nitamjibu mjomba kwa heshima. Sotoka ilipigwa vita na watu wa kila namna. Chanjo ya Plowright ilitaka kukaa katika baridi, na jangwani hakuna barafu. Katika miaka ya 1980 na 1990 mganga wa mifugo Mmarekani, Jeffrey Mariner, alishughulika mpaka chanjo ikaweza kukaa wiki kadhaa bila barafu. Ndipo wafugaji wenyewe, wa Karamoja na Sudan ya Kusini na Afar huko Ethiopia, wengi wao wasiojua kusoma, wakafundishwa kuchanja ng'ombe wao. Walifika mahali ambapo gari la serikali lisingefika. Wagonjwa wa mwisho kujulikana duniani walikuwa nyati, katika hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani na binadamu, baada ya ndui. Kama hakuna mtu aliyesomea maradhi ya nyati, nani angejua kwamba nyati wa Meru wanaumwa nini? Na nani angejua lini watu waache kutazama?

Nataka kukiri jambo. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1990, wachanjaji walikuja kijijini kwetu. Baba yangu alipeleka ng'ombe, lakini mitamba 2 aliificha bondeni, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba sindano huharibu mimba. Mimi ndiye niliyetumwa kuikalia mitamba hiyo siku nzima, na nilijiona mjanja sana. Hakuna aliyetueleza sindano ni ya nini. Walikuja, wakachoma, wakaondoka. Simlaumu baba, lakini siwasifu wale wachanjaji pia. Mtu mwenye shahada asiyeweza kuzungumza na mwenye ng'ombe amebeba nusu ya mzigo.

Na kuzungumza maana yake kusikiliza kwanza. Wamasai tangu zamani walihamisha ng'ombe wao mbali na nyanda ambako nyumbu huzaa. Walisema ng'ombe wakilisha hapo hupata ugonjwa wa macho na pua, wakafa. Wageni wengine waliona ni imani tu. Mwaka 1960 Plowright huyo huyo alionyesha kwamba nyumbu hubeba virusi visivyomwumiza yeye, lakini humwua ng'ombe. Wazee walikuwa wamesema kweli, ila hawakuwa na chupa ya kukionyesha kirusi.

Pengine mtasema, haya, sotoka imekwisha, binti atasoma nini tena? Nitawapa mfano mmoja, na huu ni wa leo, upo mlangoni kwenu, unabweka.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kupapatika na kufa. Walikufa kama 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Waliochunguza walikuta virusi vya distempa, ambao ni ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi walikuwa wengi na hawajachanjwa. Katika miaka hiyo hiyo mganga wa wanyama kutoka Uingereza, Sarah Cleaveland, alikuwa akiandika tasnifu yake juu ya distempa na kichaa cha mbwa katika sehemu za Serengeti. Baada yake walikuja wengine. Mtanzania mmoja, Magai Kaare, aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh juu ya namna ya kudhibiti kichaa cha mbwa vijijini Tanzania. Mwanafunzi mwingine, Katie Hampson, na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro wakiuliza: mbwa yupi alimwuma nani, siku gani, na yeye aliumwa na nani kabla? Kazi hiyo ni kama ya karani wa mahakama. Wakagundua kwamba mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja na kidogo zaidi. Si 10, si 5. Basi ugonjwa huu hauna nguvu kama tulivyodhani. Mkichanja mbwa 7 katika kila 10 kijijini, na kurudia kila mwaka kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa, kichaa hukosa njia kikafa chenyewe.

Hapa naomba darasa zima linyamaze kidogo. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, dalili zikisha kuonekana, haponi. Lakini kabla ya dalili, aweza kuokolewa. Osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili, msifunike kwa dawa ya majani, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo achomwe sindano. Msingoje kumwona mbwa atakuwaje. Nasema haya kwa sababu alikuwako kijana wa rika langu, tulichunga pamoja, aliumwa mkononi na mbwa wa jirani. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji. Tulimzika kabla ya mwezi kwisha. Ningeweza kusema mengine juu yake, lakini tuna dakika chache.

Basi mama, hiyo ndiyo kazi anayoitaka binti yako. Sasa nitasema juu ya fedha, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi, na sitaki kukudanganya.

Njia hii haitajirishi. Nafasi za kazi si nyingi. Ipo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, makao yake Arusha, vipo vyuo vikuu, zipo hifadhi na idara za mifugo, lakini watu wanaozigombea ni wengi. Wako waliomaliza shahada ya pili wakangoja kazi mwaka na zaidi. Mjomba katika hilo hasemi uongo.

Lakini usiuze ng'ombe kesho. Wanafunzi wengi wa shahada ya pili na ya uzamivu katika elimu hii hawalipiwi na wazazi. Utafiti mkubwa huwa na fedha zake, na ndani yake huwekwa nafasi ya mwanafunzi au wawili. Kwa hiyo mketishe binti, umwulize maswali kama mama anavyouliza habari za mchumba. Msimamizi wake atakuwa nani, na wanafunzi waliosimamiwa na mtu huyo wamemaliza? Ada nani analipa, na chakula, na gari la kwenda porini? Maana ada ikilipwa na mafuta ya gari yasipolipwa, mtoto atakaa Morogoro akitazama ukuta. Swali lake ni lipi? Mwambie akueleze swali lake kwa Kiswahili, bila neno la kigeni hata moja, mpaka wewe ulielewe. Akishindwa, mwambie aende akafikiri tena, kisha arudi. Hilo si dharau. Wazee wa chuo watamwuliza vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Na kama hana mlipaji? Basi kwa maoni yangu afanye kazi kwanza. Aombe kwa bwana mifugo wa wilaya, achanje mbwa, ahesabu mbuzi, ajue watu. Mwaka mmoja au miwili ya namna hiyo haipotei, na barua ya maombi ya mtu aliyekwisha chafuka mikono husomwa kwa jicho jingine. Ng'ombe mmoja unaweza kumpa kwa nauli na sare za kazi. Sita wote, hapana. Ukoo nao una watoto wengine.

Mjomba naye aitwe kikaoni. Mwulize kama baba yake au babu yake alipata kumsimulia habari za Emutai au za sotoka. Nadhani ana la kusema, na binti achukue daftari aandike.

Mama, barua yako ilikuwa na makosa 2 tu. Neno "shahada" uliliandika bila ya "h" ya pili, na "ng'ombe" uliisahau ile alama ya juu. Kwa kurasa 2 nzima hayo ni machache kuliko ya barua nyingi zinazofika ofisini kwangu. Niandikie tena ukisha kuzungumza na binti.

Wengine wote, kazi ya nyumbani ni hii. Kila mtu ahesabu mbwa wa nyumba 5 zilizo karibu naye, na aulize wangapi wamechanjwa mwaka huu. Andikeni tarakimu 2 tu, mbwa wote na mbwa waliochanjwa. Mwalimu atazijumlisha ubaoni, nanyi mtazame kama darasa lenu limefika 7 katika 10. Orodha hiyo mwalimu aipeleke kwa afisa mifugo wa kata, na nakala moja aniletee mimi.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma namna ya kujaza fomu ya benki. Njoni na miwani. Kwaherini.